"Bila metali" au "bila kuongeza metali"?

Msomaji, nianze kwa kuungama. Januari 2021 nilitupia kwenye grupu letu la WhatsApp kiungo cha makala mpya ya jarida la Nature Catalysis, nikaandika chini yake: "Paladiamu, kwaheri!" Nikapata vidole gumba vya kutosha. Desemba ya mwaka uleule makala ile ikaondolewa na waandishi wake wenyewe. Sikutuma ujumbe wa pili. Hiki unachosoma leo ndicho ule ujumbe wa pili. Umechelewa, na umerefuka.

Nataka tuisome makala hiyo upya, pamoja na nyingine mbili zilizoitangulia, kama mtu anavyohakiki kitabu: imedai nini, imethibitisha nini, na wapi imetupiga chenga. Hoja yangu ni moja. Katika kemia hii, "bila metali" na "bila kuongeza metali" ni madai mawili tofauti kabisa, na tofauti yake imewahi kula miezi ya kazi ya watu. Ukiwa mwanafunzi anayetafuta njia ya bei nafuu ya kufanyia utafiti wake, jambo hili linakuhusu kuliko unavyodhani.

Kwanza, mshenga

Tuseme una pete mbili za kaboni, kila moja ina atomi sita, na unataka kuziunganisha kaboni kwa kaboni, mahali pale unapotaka wewe, bila kuharibu sehemu nyingine za molekuli. Kaboni hazishikani hivihivi. Kwa hiyo unaziandaa. Pete ya kwanza unaiwekea bromini au iodini. Ya pili unaiwekea boroni, iliyoshikwa na vikundi viwili vya oksijeni na haidrojeni. Hiyo ya pili ndiyo asidi boroniki. Kwa kawaida ni unga unaokaa kwenye chupa rafuni bila kulalamika. Haisumbuliwi na maji wala hewa kama wanavyosumbuliwa ndugu zake wa magnesiamu na lithiamu, na ndiyo maana wanakemia wanaipenda.

Changanya pete hizo mbili na besi kidogo. Hakuna kitu. Sasa tia paladiamu, hata kiasi kidogo sana, na kazi inaanza. Atomi ya paladiamu inajipenyeza kati ya kaboni na bromini. Besi inaisaidia pete ya pili kuhama kutoka kwa boroni kwenda kwa paladiamu. Hapo pete zote mbili zimekaa kwa mwenyeji mmoja. Zinashikana, zinaondoka pamoja, na paladiamu inabaki huru kwenda kutafuta jozi nyingine. Ni mshenga: anawakutanisha wawili, ndoa inafungwa, yeye haolewi wala haoi, kesho yuko nyumba nyingine. Ndiyo maana mshenga mmoja anatosha kwa ndoa nyingi sana. Kumbuka hilo, tutalihitaji.

Hii ndiyo athari-kemia ya Suzuki na Miyaura. Akira Suzuki alijifunza kemia ya boroni kwa Herbert C. Brown, Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kati ya 1963 na 1965. Yeye na Norio Miyaura walichapisha makala zao za mwanzo kuhusu njia hii mwaka 1979, wakiwa Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani, na mwaka 1981 wakaonyesha kwamba inafanya kazi kwa asidi boroniki zenye pete. Mwaka 2010 Suzuki akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Richard Heck na Ei-ichi Negishi, kwa kazi zao za kuunganisha kaboni kwa kutumia paladiamu.

Usifikiri haya ni mambo ya vitabuni tu. Kama nyumbani kwenu kuna mzee anayemeza losartani kwa ajili ya presha, molekuli ile ina pete mbili zilizoungana kwa mtindo huohuo. Njia ya kuitengeneza iliyochapishwa na watafiti wa Merck mwaka 1994 inazifunga kwa Suzuki. Dawa ya ukungu wa mimea iitwayo boskalidi, ya kampuni ya BASF, nayo hupitia njia hiyo kiwandani.

Kwa nini kila mtu anataka kumfukuza mshenga

Kwa sababu ni ghali, kwanza. Mwaka 2021 paladiamu ilikuwa ghali kuliko dhahabu, na sehemu kubwa ya paladiamu ya dunia inachimbwa katika nchi mbili tu, Urusi na Afrika Kusini. Pili, haitakiwi kubaki kwenye dawa. Miongozo ya kimataifa inaweka kikomo cha mikrogramu 100 kwa siku kwa dawa ya kumeza. Kwa hiyo kiwanda kinanunua metali ghali, kinaitumia, halafu kinalipa tena kuiondoa.

Sasa fikiria anakuja mtu na kukuambia: jamani, boroni na bromini zinaweza kuungana bila paladiamu. Nani asingesambaza kiungo?

Makala ya kwanza: 2003

Mwaka 2003 Nicholas Leadbeater na Maria Marco walichapisha katika Angewandte Chemie makala iliyodai jambo hilohilo. Mapishi yao yalikuwa mepesi ajabu: maji, sodiamu kaboneti, chumvi moja ya amonia ya kusaidia vitu vichanganyike, asidi boroniki, bromini kwenye pete, halafu maikrowevu kwa nyuzi 150, dakika chache tu. Pete zikaungana. Paladiamu hawakuweka hata chembe, na kwenye kichwa cha makala wakaandika kwamba ni muungano wa mtindo wa Suzuki usio na metali za mpito.

Nisiwaonee. Hawakuwa wazembe. Walijua kwamba uchafu wa paladiamu ndio mshukiwa wa kwanza, na walipima kuutafuta kabla ya kuchapisha. Kosa lao, kama mhakiki, naliona kwenye hatua moja ndogo ya lugha: kutoka "hatukuiona" hadi "haipo". Chombo cha kupimia kina mwisho wa macho yake. Chini ya hapo, chombo hakisemi "hakuna", kinasema "sioni". Mwenye kuandika kichwa cha makala ndiye aliyetafsiri "sioni" kuwa "hakuna".

Na kulikuwa na dalili ya pili, isiyohitaji mashine yoyote. Zao lilikuwa lilelile linalotolewa na paladiamu, kutokana na malighafi zilezile. Metali ikiondoka kweli, kazi yake lazima ifanywe na kitu kingine, na kitu kingine huwa na tabia zake. Mgeni akiingia na kutembea kama mshenga, akiongea kama mshenga, na kufungisha ndoa zilezile, ni vizuri kumuuliza jina kabla ya kutangaza kwamba mshenga amestaafu.

Makala ya pili: 2005, na hii ndiyo ya kuigwa

Miaka miwili baadaye Leadbeater na wenzake wakachapisha makala nyingine, katika Journal of Organic Chemistry. Walikuwa wameitathmini upya kazi yao wenyewe. Jibu: ndiyo, pete zinaungana bila wewe kuongeza kichocheo cha metali. Lakini kinachofanya kazi ni paladiamu, na imetoka kwenye sodiamu kaboneti ya dukani. Kiasi chake kilikuwa hadi sehemu 50 tu kwa bilioni.

Sodiamu kaboneti ni nani? Ni ndugu wa karibu wa magadi, yale yale ya kulainishia maharage. (Endelea kula maharage yako, hapa tunazungumzia chupa ya maabara.) Ni besi ya bei ya chini kuliko vyote kwenye lile pishi, kitu ambacho hakuna mtu angefikiria kukipekua mifuko.

Hebu tupige hesabu, maana hapa ndipo macho yangu yalipofunguka. Sehemu 50 kwa bilioni ni mikrogramu 50 katika kilo nzima. Tuseme kwenye jaribio lako umetia nusu gramu ya kaboneti. Umetia nanogramu 25 za paladiamu. Hutaziona kwa macho, wala mizani ya kawaida ya maabara haitazihisi. Lakini zigeuze kuwa atomi: ni takribani trilioni 140. Washenga trilioni 140, na kila mmoja anarudia kazi tena na tena kwa dakika zote jaribio linapopikwa. Asiyekuwepo na lake halipo, wahenga walisema. Huyu lake lilikuwepo, tena zao zima kwenye chupa, kwa hiyo naye alikuwepo.

Mimi naiweka makala ya 2005 juu ya ile ya 2003, kwa mbali. Ya kwanza ilitupa mshangao. Ya pili ilitupa maarifa mawili ambayo bado yanafanya kazi: kwamba paladiamu inaweza kuendesha muungano huu kwa kiasi kidogo kuliko watu wengi walivyokuwa wakidhani, na kwamba kitendanishi cha kawaida kabisa kinaweza kuwa ndiyo chanzo chake. Halafu kuna ujasiri wa mtu kuirudia kazi yake iliyokwisha kusifiwa na kuandika: sababu tuliyotoa haikuwa sahihi. Kwenye CV za watu wengi ukurasa wa namna hiyo haupo.

Makala ya tatu: 2021

Baada ya somo lile ungetegemea tumejifunza. Na dalili zilizidi kuja hata kutoka nje ya boroni. Mwaka 2009 Stephen Buchwald na Carsten Bolm walionyesha kwamba baadhi ya athari-kemia zilizosifiwa kuwa za kloridi ya chuma zilikuwa zinaendeshwa na shaba kidogo iliyokuwemo kama uchafu. Mwaka 2019 kundi la Valentine Ananikov huko Moscow likaonyesha kwamba hata kile kijiti cha sumaku cha kukorogea, chenye ngozi ya Teflon, hupata mikwaruzo midogo inayobakiza metali za kazi zilizopita. Unakiosha, kinang'aa, unakitumbukiza kwenye jaribio lako "safi", kumbe kina kumbukumbu.

Hata hivyo Januari 2021 ikaja makala kutoka kundi la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Hefei, China. Dai: molekuli ya amini, isiyo na metali yoyote kwenye fomula yake, inachochea muungano wa Suzuki. (Ndiyo, jina lake linafanana na kitenzi cha kuamini, na wengi wetu tulitii.) Kulikuwa na orodha ndefu ya mazao, na kulikuwa na mahesabu ya kompyuta yanayoeleza jinsi amini inavyoweza kufanya kazi ya paladiamu hatua kwa hatua.

Makundi mengine yakaanza kurudia majaribio, likiwemo la Robin Bedford na wenzake huko Bristol, Uingereza, na la Zoltán Novák huko Budapest, Hungaria. Wakafuata njia ya kizamani: badala ya kuitazama athari-kemia, wakauliza amini yenyewe imetoka wapi. Na amini ilikuwa imetengenezwa kwa nini? Kwa Suzuki. Kwa paladiamu. Katika utengenezaji huo, sehemu ya paladiamu ilifungamana na fosfini, ikasafiri na amini kupita hatua za usafishaji, ikaingia kwenye chupa iliyoandikwa jina la amini. Mwizi hakuvunja dirisha. Aliingia kwa mlango wa mbele, ndani ya sanduku la mwenye nyumba. Desemba, pamoja na ripoti za uchunguzi huo, makala ikaondolewa.

Uhakiki wangu kwa makala hii una sehemu tatu.

Ya kwanza ni historia ya kitendanishi. Ukidai kwamba kitu fulani kinachukua nafasi ya paladiamu, na kitu hicho kimezaliwa kwenye paladiamu, swali hilo halipaswi kusubiri wageni kutoka Bristol. Jaribio la kwanza kabisa linatakiwa kuwa: tengeneza kitu hicho kwa njia isiyogusa paladiamu, kisha uone kama bado kinafanya kazi. Ni kazi ngumu? Ndiyo. Lakini dai nalo lilikuwa kubwa.

Ya pili ni majaribio linganishi. Mara nyingi watu hutia chumvi ya kawaida ya paladiamu kwa kiasi kidogo, wakiona haifanyi kitu wanasema "basi, uchafu hauwezi kuwa ndio sababu." Si kweli. Paladiamu iliyoshikwa na fosfini ni mfanyakazi tofauti kabisa na paladiamu ya chumvi tupu. Ukimtafuta mwizi mrefu kwa kupekua wafupi peke yao, utatoka umeridhika na mikono mitupu.

Ya tatu ni mahesabu ya kompyuta, na hapa nasema kwa heshima maana nina marafiki wanaoishi kwa kazi hiyo. Kompyuta inakuambia kama njia uliyoifikiria inapitika. Haikuambii kama molekuli zako zimepita humo. Njia ambayo hukuiweka kwenye hesabu haitajitokeza yenyewe. Kwenye makala hii mahesabu yalifanya kazi ya mapambo: yalifanya hadithi ionekane imekamilika wakati mhusika mkuu hakuwa ametajwa.

"Lakini si inafanya kazi?"

Najua kuna msomaji anayeuliza hivi. Kama kaboneti ya dukani ina paladiamu ya kutosha, na mimi sikuilipia, shida iko wapi?

Shida ni kwamba hujui umenunua nini. Chupa ijayo, kutoka kiwanda kingine au hata kundi jingine la kiwanda kilekile, inaweza kuwa safi zaidi, na jaribio lako likafa bila sababu unayoweza kuiona. Tuchukulie mwanafunzi mwenye bajeti ya chupa moja na muhula mmoja. Amesoma "bila metali", ameona ni njia ya watu wa hali yake, ameijengea pendekezo lote la utafiti. Anachanganya, anapasha moto, hapati kitu. Anarudia. Anajilaumu yeye. Msimamizi naye anamlaumu yeye. Hakuna anayeilaumu chupa. Na mashine ya kusoma metali kwenye sehemu za bilioni, inayochoma sampuli kwenye plazma na kuzitambua atomi zake, haipo kwenye kila jengo la kemia. Mwenye uwezo mdogo wa kugundua kosa ndiye anayelipia kosa. Hilo ndilo linaloniuma kwenye kisa hiki kuliko aibu ya jarida.

Shida ya pili ni ya maarifa. Ukiamini amini ndiyo inayofanya kazi, utatumia miaka kuiboresha amini. Utabadilisha mkono huu na mguu ule wa molekuli, na matokeo yatapanda na kushuka kufuatana na uchafu usioujua. Utachora grafu nzuri ya kitu ambacho hakipo.

Basi boroni haiwezi bila metali?

Inaweza! Na ningekuwa nimekudanganya kama ningekuacha na hisia hiyo. Mwaka 1993 Nicos Petasis na Irini Akritopoulou walionyesha kwamba amini, aldehaidi na asidi boroniki vinaweza kuungana vitatu kwa pamoja bila metali. Mwaka 2009 kundi la José Barluenga huko Oviedo, Hispania, likaunganisha asidi boroniki na tosilihaidrazoni, tena bila kichocheo cha metali.

Kwa nini hizi naziamini? Kwa sababu zinajibu swali la jina. Boroni ina nafasi tupu ya elektroni. Jirani mwenye elektroni za ziada akiijaza, boroni inabeba mzigo mzito kuliko inavyopenda, na kundi la kaboni lililoishikilia linaweza kuhamia kwa jirani huyo au kwa aliye karibu naye. Hiyo ni tabia ya boroni yenyewe, inayojulikana tangu enzi za Brown, na haihitaji mshenga. Mazao yake nayo ni tofauti na ya Suzuki: yanakwenda pale ambapo uhamaji huo unaweza kuyapeleka. Hapa metali haikufukuzwa. Haikualikwa tangu mwanzo, kwa sababu kazi ni nyingine.

Kwa hiyo ukikutana na kichwa cha habari cha namna hii tena, kiulize maswali machache. Metali imetafutwa hadi kiwango gani, na kiwango hicho ni kidogo kuliko kinachotosha kufanya kazi? Vitendanishi vimetoka wapi, na vilitengenezwa kwa kutumia nini? Wamejaribu chupa kutoka kwa wauzaji zaidi ya mmoja, vyombo vipya, kijiti kipya cha kukorogea? Zao linafanana mno na la metali iliyodaiwa kuondoka? Na kama metali haipo, nani anafanya kazi yake, kwa tabia gani tunayoifahamu? Hakuna hata swali moja hapo linalohitaji digrii ya tatu.

Na sisi tunaoandika kuhusu sayansi, nikianza na mimi, tuna deni letu. Wahakiki wa jarida walikosea mara moja. Sisi tulikikuza kichwa cha makala mara mia, halafu makala ilipoondolewa tukanyamaza. Tungeweza kuanza na neno moja. Badala ya "bila metali", tuandike "bila kuongeza metali" mpaka mtu athibitishe zaidi. Neno "kuongeza" linaonekana dogo, lakini nanogramu 25 nazo zilionekana ndogo.

Siku za mwizi ni arobaini. Wa 2003 alichukua kama miaka miwili kukamatwa, wa 2021 hata mwaka haukuisha. Tunazidi kuwa wepesi, na hilo ni jambo jema. Mimi nimeshatuma ule ujumbe wa pili kwenye grupu.